Michembe ya Mbuzi

Wiki iliyopita alikuja mteja pale ninapouzia miche, kando ya barabara ya Mwanza kwenda Misungwi. Mama mmoja nadhifu, anajenga nyumba ya wageni karibu na ziwa na anataka bustani isiyofanana na ya mtu mwingine. Mawaridi yangu aliyapita, bogenvilia akazipita, hata yale maua ya kigeni ninayoyanywesha maji kuliko ninavyokunywa mwenyewe hakuyapa jicho. Akatoa simu yake. "Dada, ua hili unalo? Nimeliona mtandaoni. Sijui linatoka nchi gani."

Nikavaa miwani, nikaichukua ile simu. Jamani! Nilicheka mpaka yule mama akadhani namcheka yeye. Lilikuwa ua la mtundulu. Mtundulu wetu huu huu, wa kuchana sketi na kutoboa tairi za baiskeli, ambao wakulima wa Usukumani wakiutaja hutema mate kwanza. Nikamwambia, "Mama, ua hili halitoki nchi yoyote. Linatoka nyuma ya zizi la bibi yangu." Hakuamini, lakini nilimwahidi kumletea mche, na kwa ahadi hiyo nikajikuta nimepanda gari Jumamosi kwenda kijijini ambako sijafika muda mrefu.

Wewe kama hujawahi kufika kule kwetu, utadhani mtu anayeishi karibu na ziwa anaishi kwenye majani mabichi. Thubutu! Juu ya jabali lililo nyuma ya nyumba ya bibi tuliliona ziwa kutwa nzima, limelala kule chini linametameta, na huku udongo wetu umepasuka nyufa za kuingiza kidole. Upepo wa ziwani ulituletea harufu ya dagaa wanaokaushwa. Mvua ulizipeleka kwingine. Mimi nilipelekwa kule nikiwa mdogo, kwa sababu baba alikuwa na kazi mjini Mwanza na nyumba ndogo yenye watoto wengi, na bibi alihitaji mtu wa kumsaidia kuchunga mbuzi. Wakanichagua mimi, nami sijawahi kujuta.

Bibi yangu alikuwa mwembamba, mrefu, na mdomo alikuwa nao. Mbuzi wake aliwapa majina ya watu aliogombana nao, halafu akawapenda kuliko watu wenyewe. Ungemsikia asubuhi anamsema mbuzi fulani kwa uvivu wake, na mwenye jina anapita njiani na ndoo kichwani, anasikia yote. "Mwangaluka, mama!" angesalimia yule mtu kwa hasira, naye bibi angeitikia kwa sauti ya upole kabisa, kana kwamba hakuna lililosemwa.

Nyuma ya zizi ndipo palipokuwa na kichaka. Kilianzia kwenye kichuguu kikubwa kikateremka hadi kwenye korongo, ardhi ngumu iliyokanyagwa na ng'ombe tangu enzi za babu wa babu, hata nyasi zikakata tamaa. Hapo ndipo mtundulu unapopenda. Haukui ukawa mti wa kupumzikia, wala si jani la kufyeka kwa mundu. Unasimama kupita kichwa cha mtu kidogo, mashina mengi yamejazana, na majani yake ni madogo madogo, yamepangwa pande mbili za kijiti kama meno ya kitana. Kwenye shamba zuri lenye rutuba utauona mmoja mmoja. Palipochoka, palipoliwa na mifugo hadi pakabaki vumbi, unakuja wenyewe, na ukishakuja haondoki mtu wala mnyama bila mikwaruzo.

Aliyenifundisha kuutazama ni mwalimu wetu wa sayansi. Alikuwa kijana mgeni, mtu wa milimani kwenye migomba na baridi, na kijiji kizima kilimhurumia kwa kupangiwa kwetu. Mvua za kwanza zilipoanza, asubuhi moja tulimkuta amesimama kando ya uwanja wa mpira mbele ya mtundulu, amevua kofia. Akatukusanya darasa zima. "Mnapita hapa kila siku mnautukana," akasema. "Leo uangalieni."

Basi tukauangalia. Ua la mtundulu linaning'inia kichwa chini, refu kama kidole. Nusu ya juu, iliyo karibu na kikonyo, ni nyuzinyuzi laini za pinki zilizotawanyika. Nusu ya chini ni kishada kilichoshonana, manjano kabisa, kama kiini cha yai la kienyeji. Rangi mbili kwenye ua moja, na hakuna aliyezipaka! Mwalimu akatuambia zile nyuzi za pinki hazizai kitu, kazi yake ni kuita nyuki tu. Mbegu zinatoka kwenye manjano. Siku zikipita pinki inapauka hadi inakuwa nyeupe, manjano inakuwa kahawia, na pale chini yanatokea maganda membamba ya kijani, mengi kwa pamoja, yamejikunja na kusokotana. Akatuonyesha na miiba. Kumbe ile siyo miiba tu, ni vitawi vifupi vilivyochongoka nchani, na ukiinama vizuri unaona majani yamechipua kwenye mwiba wenyewe. Nilikuwa nimechomwa na miiba ile maisha yangu yote na sikuwahi kuona kwamba ina majani.

Nilikimbia nyumbani kumweleza bibi. Alikuwa anasonga ugali wa mtama. Aliposikia habari ya pinki na manjano alicheka hadi akaachia mwiko. "Ni kama harusi tu," akasema. "Waliopendeza wako mlangoni wanaita watu, waliochafuka wako jikoni wanapika." Kesho yake akaniambia nimpelekee mwalimu karanga, maana mtu anayejua mambo ya harusi hawezi kukaa na njaa.

Bibi mwenyewe hakuusifia mtundulu kwa maneno. Aliutumia. Kuni zake zilikuwa za mtundulu, kwa sababu moto wake unakaa, unaweka maharage jikoni unakwenda kisimani unarudi unakuta kaa bado ni jekundu. Gome alilichuna akafungia mizigo ya majani. Siku niliyoumwa na nge alitafuna majani yake akanibandika mguuni, akaushika mguu wangu hadi nikanyamaza. Sijui kilichonituliza ni jani au ni mkono wa bibi, lakini hadi leo nikisikia nge naukumbuka ule uchungu wa majani kwenye pumzi yake.

Na mtundulu ulikuwa na adabu zake. Ukishikwa na mwiba, usivute. Ukivuta, nguo inachanika na mwiba unazama. Simama, rudi nyuma hatua moja, wenyewe utakuachia. Sisi watoto tulikuwa na haraka, tulivuta, na sare za shule zikaisha kwa viraka. Bibi alikuwa anakaa kwenye kigoda karibu na zizi, nadhani kwa makusudi, akisubiri mmoja wetu ashikwe. "Rudi nyuma!" angepiga kelele, halafu akacheka kile kicheko chake cha puani. "Nani alikwambia mtundulu unasukumwa?"

Sasa ngoja nikwambie habari ya mwaka ule. Kiangazi kilichotangulia kilikuwa kimemmalizia bibi mbuzi wengi, na yeye mwenyewe alianguka korongoni akiwatafutia majani, akalala kitandani siku kadhaa. Baba akaja kutoka Mwanza, uso umekunjamana. Akakaa, akanywa uji, akasema, "Mama, umechoka. Kiangazi kinachokuja mbuzi wakifa tena, utakuja kukaa kwangu mjini. Sitaki kuja kukuzika kwa ajili ya mbuzi." Bibi akalichukua lile bakuli la uji, akalisuuza. Kisha akajibu, "Wakifa, nitakuja." Na bibi akisema amesema.

Baba alipoondoka, bibi aliniambia ukweli. "Mjini nitakaa kama mzigo wa stendi, nasubiri nani anipokee. Nitaamkiwa shikamoo na watoto wasiojua hata mimi ni nani." Alikuwa na hofu, na mimi sikuwahi kumwona bibi na hofu. Nami nilikuwa na yangu, maana nilimpenda sana na niliupenda ule uhuru wa kule, na nilijua akihama, mlango ule hautafunguliwa tena. Basi uhai wa mbuzi ukawa ndio uhai wetu pale.

Baba mdogo wangu, mdogo wake baba, aliishi jirani kabisa na sisi. Mtu mwema, mchapakazi, mwenye imani na pamba kuliko na sala. Kiangazi kilipoanza, siku ambayo mimi na bibi tulikwenda mnadani, akaingia kwenye kile kichaka na shoka. Tuliporudi jioni nusu ya kichaka ilikuwa chini. Yeye amevua shati, kifua na mikono imechanika yote, anatabasamu. "Shikamoo mama! Nimekusafishia shamba. Kesho kutwa nachoma, mvua zikija tunapanda pamba hapa. Kaka hatakuwa na la kusema."

"Marahaba," bibi akajibu. "Nani amekutuma?"

Akaweka kikapu chini, akainua tawi moja lililokatwa. Lilikuwa limejaa maganda, mengine bado ya kijani, mengine yameanza kukauka. Unajua, kiangazi nyasi zinapokwisha kabisa, ndipo maganda ya mtundulu yanapoanguka, kidogo kidogo, mwezi hadi mwezi, na mbuzi wanayapenda kama watoto wanavyopenda miwa. Bibi alikuwa ameyawekea matumaini yake yote, na hakuwa amemwambia mtu, kwa kuwa alidhani kila mtu anajua. "Hiki ndicho chakula chao cha mwezi wa tisa," alisema, na sauti yake ikakatika. "Umenipeleka Mwanza, mwanangu. Umenipeleka Mwanza kwa shoka."

Baba mdogo alikuwa amemkatia mama yake kichaka kwa mapenzi, na sasa mama yake analia mbele yake. Sijawahi kumwona mtu mzima akihangaika vile. Akaliokota shati, akalivaa kinyume, akalivua tena.

Bibi hakulia sana. Alijifuta kwa ncha ya kanga, akatazama jabali. Wewe mtu wa kwetu unajua jabali ni la nini. Ndipo tunapoanika michembe, viazi vitamu vilivyomenywa na kukatwa vipande, vinakauka juani hadi vinagonga kama vijiti, halafu vinawekwa ghalani hadi njaa itakapokuja kuvitafuta. Bibi akalitazama jabali, akatazama yale matawi, akasema, "Moto hauwashwi hapa hadi niseme. Leteni vikapu."

Tulichuma, ndugu yangu! Tulijifunga matambara mikononi na bado tulitoboka. Maganda yale yamesokotana, ukivuta moja yanakuja yote na mwiba juu. Baba mdogo alichuma kuliko wote, kimya, kuanzia alfajiri, na yale matawi ya juu ambayo hakuna mbuzi wala mtu aliyewahi kuyafikia, sasa yalikuwa hapo chini miguuni petu. Tukayatandaza maganda juani jabali zima. Tuliyageuza asubuhi na mchana, jioni tukayakusanya yasipigwe na umande, vilevile kama viazi. Yalitoa harufu tamu, karibu na ile ya sukari guru. Jirani yetu, mama mmoja ambaye jina lake lilikuwa kwa mbuzi mkorofi kuliko wote, akaja kusimama pale mikono kiunoni. "Mama, makubwa! Mwaka huu unaanika michembe ya mbuzi?"

"Naanika," bibi akasema. "Na wewe mwenye jina lako humo utakula ya kutosha."

Yule mama akacheka hadi akakaa chini, na alipomaliza kucheka akachukua kikapu akachuma pamoja nasi. Kijiji kizima kikapata cha kusema. Tulipokuwa tunakwenda kisimani watu waliuliza kama mbuzi wa bibi wanakula michembe yao kwa karanga au kwa maziwa mgando. Acha waseme, bibi aliniambia, maneno hayajazi ghala. Na ghala likajaa, upande mmoja michembe yetu, upande mwingine ya mbuzi.

Kiangazi kikatoa meno yake. Ngitili, yale malisho tunayoyafunga wakati wa mvua ili mifugo ipate pa kushika jua likizidi, yaliisha mapema. Mbuzi wa watu wakaanza kuonyesha mbavu. Bibi alitoa maganda kwa ungo kila jioni, kwa mkono wake, na hakumruhusu mtu mwingine kugusa, hata mimi. Ilifika siku mbuzi jike mzee, anayeongoza wenzake, akalala chini asubuhi na kugoma kusimama. Bibi akatwanga maganda kinuni, akayakoroga na maji kama uji wa mgonjwa, akakaa vumbini anamlisha kwa kiganja huku anamtukana. "Inuka, mvivu we. Unataka nikaishi na magari?" Jua lilipopanda yule mbuzi akasimama, akajikung'uta, akaenda zake kunusa ungo.

Kisha ikatokea ajabu ambayo nikiikumbuka nasisimka. Kabla hata wingu halijaonekana, visiki vyote vya baba mdogo vikachipua. Na si visiki tu. Mizizi ya mtundulu inatambaa chini chini kwenda mbali, na shina likikatwa, mizizi nayo inatoa machipukizi yake, hapa na pale na kule. Alipoangusha shina moja yakaja kumi. Machipukizi laini, ya kijani, miiba yake bado haijakomaa, kimo cha mdomo wa mbuzi mdogo. Baba mdogo akasimama katikati ya shamba lake la pamba la ndotoni, akajikuna kichwa. "Hivi mimi niliukata au niliupanda?" akauliza. Bibi alicheka hadi akashika mti wa zizi. Walipatana siku ile, na pamba haikutajwa tena. Baniani mbaya, kiatu chake dawa.

Mvua ziliponyesha baba akaja. Alikuja na mfuko mkubwa mtupu, wa kuwekea vitu vya mama yake. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja zizini, akasimama pale muda mrefu. Mbuzi walikuwa wamekonda, sitakudanganya, lakini walikuwa hai, na yule jike mzee alikuwa amezaa pacha, wanacheza kwenye tope. Bibi akaja nyuma yake polepole. "Mbona husemi? Nifungashe?"

Baba akakunja ule mfuko, akauweka kwapani. "Kaa, mama," alisema. "Kaa kwako." Halafu akageuka haraka, nadhani hakutaka tumwone machozi, akapita pembeni ya kichaka na mwiba ukamdaka suruali yake ya mjini. Akavuta.

"Rudi nyuma!" bibi akapiga kelele, na kile kicheko cha puani kikatoka. "Nani alikwambia mtundulu unasukumwa?" Baba akarudi nyuma hatua moja kama mtoto, akaachiwa, na sote tukacheka pale mvuani.

Bibi alikaa kwake hadi mwisho wa maisha yake, miaka mingi baada ya hapo. Alifia kitandani kwake, mlango umefunguliwa upande wa mbuzi kama alivyoomba. Kaburi lake liko kanisani na tunalitunza vizuri. Ni makazi yake ndiyo tuliyoyaacha. Mbuzi waligawanywa, baba mdogo alihamia ng'ambo ya ziwa, Busisi, kwa biashara, mwalimu alihamishwa zamani, yule jirani naye ametangulia mbele ya haki. Hakuna aliyefanya kosa. Tulitawanyika tu, kama watu wanavyotawanyika.

Jumamosi nilishuka njia panda nikatembea na jembe langu dogo na kipande cha gunia kibichi cha kufungia mche. Nilikuwa na hofu nitakuta kichaka kimefyekwa, pamepimwa viwanja. Loo! Kichaka kilikuwepo. Kimejaa korongo, kimepanda, kimelizunguka zizi, kimeingia uani. Pale palipokuwa na mafiga ni mtundulu. Pale palipokuwa na ghala ni mtundulu. Wote umechanua, pinki juu, manjano chini, maelfu yananing'inia na nyuki wanavuma hadi unasikia kifuani. Sijaona kitu kizuri namna ile maishani mwangu, na nauza maua. Chini, maganda ya msimu uliopita yalikuwa yamelala tele, yameoza na mvua, hakuna mbuzi wa kuyala wala mtu wa kuyaanika. Jabali lilikuwa tupu, limeoshwa, na kwa mbali nyuma yake niliona ziwa na lile daraja jipya la kwenda Busisi.

Nilichimba chipukizi moja pembezoni, na mzizi wake, nikalifunga kwenye gunia. Nikataka kuingia angalau hadi kwenye mlango wa bibi, au mahali ulipokuwa mlango. Nikasema hodi, kwa sababu huwezi kuingia kwa mtu bila hodi. Nikasogea kidogo na mwiba ukanidaka sketi.

Nikasimama. Nikarudi nyuma hatua moja, nikaachiwa, na nikageuka kutazama kama kuna mtu anacheka.